Siku Niliyomvua Kofia Mzee Nasoro

Nilijiapiza kwamba hili jambo nitazikwa nalo, lakini nusu ya Tabora wanalisimulia na kila anayelisimulia analitia chumvi (juzi nimemsikia dada mmoja wa chipsi akiapa kwamba nilimzaba mzee wa watu kofi), basi bora niliseme mwenyewe na aibu yangu yote, angalau uongo upungue. Sikumpiga mtu. Nilimvua kofia tu. Mbele ya watu kama themanini, na kipaza sauti mkononi.

Naitwa Siwema, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi hapa mjini, na mama wa mtoto mmoja anayeitwa Nyamizi, wakati huo ana miezi minane. Baba yake yupo Dar, anatuma salamu. Nyamizi mwenyewe sikuwa naye. Alikuwa Usoke kwa mama yangu, kwa sababu chuo chetu kina kanuni kwamba mtoto asilale hosteli wala asionekane eneo la chuo saa za masomo, na uwezo wa kupanga chumba mtaani na kuweka dada wa kumlea sikuwa nao. Alipotimiza miezi sita ruhusa yangu ya uzazi ikaisha, nikampeleka, nikarudi na treni peke yangu, matiti yamejaa mpaka kifua kinawaka moto, na hasira niliyopanda nayo kwenye lile behewa sijashuka nayo mpaka leo, nasema wazi. Unafundishwa darasani faida za maziwa ya mama, unazijibu kwenye mtihani, unapata zote, halafu unakwenda chooni kukamua maziwa ya mwanao uyamwage kwenye sinki.

Sasa mwaka wa tatu tuna somo la uongozi na ujasiriamali kwa wauguzi. Wenzangu wengi walilidharau, wakisema muuguzi na biashara wapi na wapi, sisi tumekuja kujifunza kutunza wagonjwa. Mimi nililipenda kwa sababu ya Madam Mihayo anayelifundisha, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, ambaye siku ya kwanza alituuliza: "Nani hupanga zamu? Nani hugundua dawa zinakwisha kabla hazijaisha? Nani huamua ugomvi wa wahudumu wawili saa ya kugawa chakula? Muuguzi! Sasa mnaogopa nini kuitwa viongozi?" Kazi yake kubwa ya muhula ilikuwa kila mmoja abuni huduma inayoweza kuanzishwa, aiandike, kisha aitetee ukumbini mbele ya majaji watatu.

"Na safari hii si maigizo," akasema. "Wazo litakalowashika, chuo kitalifanya kweli. Nimeshaongea na wakubwa."

Mimi hapo nikakaa wima. Nikaandika kituo cha kulelea watoto wa wanafunzi na wauguzi, saa za masomo na saa za zamu, kwenye kile chumba kilicho nyuma ya sehemu ya kufulia, kile kilichojazwa vitanda vibovu. Niliandika kila kitu: nani atawalea, watalala wapi, choo chao kitakuwa wapi, mama atakuja kunyonyesha saa ngapi. Wengine walitafuta alama. Mimi nilikuwa natafuta mwanangu, na nikikosa kile chumba, Nyamizi angekaa Usoke mpaka nimalize chuo, na mtoto akishajua kutembea na kuongea kwa bibi yake, ukirudi wewe ni mgeni anayeletewa kiti.

Wiki nzima sikula vizuri. Nilikuwa naamka nikiwa nimeshaanza kuongea. Maana Madam alikuwa ametuambia kitu kilichonitia wazimu: "Majaji watasikiliza watu ishirini, kutwa nzima, kwenye joto. Usipowashika mwanzoni kabisa umewapoteza. Kiongozi anawasoma watu walio mbele yake kabla hajafungua mdomo." Sasa mimi nitawasomaje watu nisiowajua? Nikaenda kwenye ubao wa matangazo. Majaji walikuwa watatu: mkuu wa chuo, Madam Mihayo mwenyewe, na mgeni kutoka Dar, ameandikwa kwa kifupi tu, M. Kondo.

Kondo! Nikamshika mkono Rehema, rafiki yangu wa chumba kimoja. "Huyu ni Mzaramo."

"Umejuaje?"

"Kondo wa Dar atakuwa Msukuma? Rehema, huyu ni mtani wangu!"

Na hapo ndipo kichwa changu kilipochemka. Mimi ni Mnyamwezi wa baba na mama, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka hapa Tabora mpaka pwani na kupita katikati ya vijiji vyao. Mtani hakasiriki. Mtani unamtukania chakula chake, unamnyang'anya kitu chake mbele ya watu na humrudishii mpaka akikomboe, naye anacheka na anakomboa, hata msibani. Nikajiambia, Siwema, wenzako wataanza na "waheshimiwa majaji, jina langu ni fulani", wewe utaanza na utani, mgeni atacheka, ukumbi utacheka, na kitu utakachomnyang'anya utamwambia akikomboe kwa chumba. Rehema aliniangalia akasema, "Mimi ningeanza na jina langu," nikamwambia wewe huna moyo wa biashara. (Rehema alipata alama themanini na mbili. Endeleeni.)

Siku yenyewe nilipangwa wa nane. Saa mbili kasoro, wakati mkuu wa chuo anafungua shughuli na kutambulisha meza kuu, mimi nilikuwa chooni nakamua, kwa sababu wasiwasi ukinishika maziwa yanakuja mara mbili na sare yetu ni nyeupe, ikilowa kila mtu anaona. Kwa hiyo utambulisho wote ulinipita. Nikaingia nyuma, nikakaa karibu na mlango, nikatazama mbele. Meza kuu ina watu wanne. Mkuu wa chuo namjua. Madam namjua. Kwenye kiti cha katikati, kile chenye mto, amekaa mzee wa heshima, kanzu safi, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, mweupe mweupe wa kipwani, amenyamaza kama picha. Pembeni kabisa kuna dada mwenye miwani anaandika andika. Nikasema moyoni, mtani wangu huyo katikati, na huyo wa miwani ni karani wake.

Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza. Rehema alikuwa safu ya mbele, ningeweza kumtumia ujumbe kwenye simu, sikumtumia. Nilikuwa narudia maneno yangu.

"Siwema!"

Nikapanda. Nikapewa kipaza sauti. Nikatazama watu, nikamtazama mzee, nikavuta pumzi, nikazunguka meza mpaka aliko.

"Mtani wangu!" nikapiga kelele. "Umefika Unyamwezi huna hata mzigo kichwani! Babu zangu walibeba mizigo miezi mitatu kwa miguu, wakipita kwenu mnawanyima maji, mnacheza ngoma! Nyie mnaotia nazi mpaka kwenye chai! Leo nimekukamata, na kofia yako naichukua, na sirudishi mpaka unipe chumba cha kulelea watoto!"

Na nikaivua.

Nilitegemea kicheko. Kilitoka kimoja tu, kule nyuma, kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Mzee hakucheka. Mzee aliinua mkono wake polepole kwenda kichwani, na mimi nikafuata ule mkono kwa macho, na ndipo nikaona. Juu kidogo ya paji la uso, kwenye upara, alikuwa amebandikwa jani zima la tumbaku, dawa ya wazee, limelowa asali, limeteleza upande mmoja, na chini yake kidonda kirefu kama kidole.

Hapa ningeweza bado kujiokoa. Kumrudishia kofia, kumshika miguu, kuondoka. Lakini miaka mitatu ya wodini imeniharibu, jamani, mimi nikiona kidonda mdomo unatangulia. Nikainama, nikakitazama vizuri, nikasema, na kipaza sauti kiko palepale kidevuni: "Hiki kina usaha, baba. Kina siku ngapi? Sindano ya pepopunda umechoma?"

Ikatoka kwenye spika zote mbili. USAHA. Mpaka waliokuwa nje ya ukumbi walisikia.

Mkuu wa chuo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama anayezuia kisidondoke. Madam Mihayo alifumba macho. Na yule dada wa miwani pale pembeni akaweka kalamu chini, akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu. Kondo ni mimi."

Nikamgeukia mzee. "Sasa wewe ni nani?"

(Ndiyo. Niliuliza hivyo. Kwenye kipaza sauti.)

Madam ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya kifo: "Huyo ni Mzee Nasoro. Mjumbe wa bodi ya chuo. Mwenyekiti wa kamati ya majengo."

Kamati ya majengo. Mwenye vyumba. Mzee wa mjini hapa hapa, duka la vitambaa lipo toka enzi za baba yake, hana utani na mimi wala na ukoo wangu, mtu ambaye wajukuu wake mwenyewe hawathubutu kumgusa bega. Nikasema, "Shikamoo, baba." Sijui kwa nini niliona hiyo ndiyo nafasi yake.

Hakuitikia. Wallahi nilingoja. Watu themanini walingoja pamoja na mimi. Badala ya marahaba akasema, taratibu, bila kupaza: "Binti. Mama yako hakukufundisha?"

Angesema jambo lolote lingine. Angenitukana ningekaa kimya. Lakini aliposema mama yako, maziwa yalikuja, nikayasikia yanalowesha kifua, na ile hasira ya behewani ikapanda.

"Mama yangu yupo Usoke," nikasema, "ananilelea mtoto kwa sababu ya kanuni yenu! Mnanifundisha kuongoza wodi ya wagonjwa arobaini, na mtoto wangu mmoja hamniamini niwe naye! Mnanifundisha biashara, uongozi, kujiamini, halafu nakamua maziwa kwenye sinki lenu kila siku saa nne! Chumba kipo! Kina vitanda vibovu! Vitanda vibovu vina mahali pa kulala, mwanangu hana!"

Nilikuwa naipunga kofia ya mzee hewani kila nikisema neno. Nilipogundua nimeishika, nilinyamaza. Dada Kondo akajaribu kuniokoa, Mungu ambariki, akasimama akasema, "Waheshimiwa, mtani wangu huyu wa kubeba mizigo leo kabeba mzigo wa mtu mwingine. Mnisamehe mimi, nilipaswa kuvaa kofia." Watu wachache wakacheka, na kicheko hicho kidogo ndicho kilichonivunja kabisa. Nikaweka kipaza sauti mezani, nikatoka mbio kwa mlango wa pembeni.

Na kofia nikatoka nayo.

Niliiona nikiwa hosteli tayari, nimekaa kitandani, nalia, najifutia machozi nayo. Bei ya kofia ile sitaki hata kuifikiria, viua vya mkono kazi ya miezi, na ndani ina doa la asali na doa la kile kitu nilichokitangaza kwenye spika. Rehema akaja. "Irudishe leo hii," akasema. Nikamwambia siwezi kumrudishia mtu kofia yenye usaha, mimi ni muuguzi. Kwa hiyo nikafanya kama tulivyofundishwa kwa nguo yenye uchafu wa mgonjwa: nikailoweka kwenye maji ya klorini.

Nilipoitoa, nyuzi zote za rangi ya kahawia zilikuwa zimekuwa za rangi ya uji.

Sijui nieleze vipi siku nne zilizofuata. Madam alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Bodi inakutana Ijumaa. Usiende popote." Nilijua nafukuzwa. Mama alipiga simu kutoka Usoke akaniwekea Nyamizi sikioni, mtoto anasema "da, da, da" na mimi nimeshika mdomo nisimlilie. Mama akauliza, "Mwanangu, umetetea vizuri?" Nikamwambia nimetetea mama, walinisikia wote. Kofia nilikuwa nayo kwenye mkoba kila niendako, nikipanga kuipeleka dukani kwake, na mara mbili nilifika mpaka kona ya mtaa wake nikaona viatu vyake mlangoni nikageuza.

Alhamisi nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo hospitali, chumba cha kufunga vidonda. Asubuhi mapema, benchi bado tupu, mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Nasoro peke yake, amejifunga kilemba cha taulo kichwani.

Nikatazama kama kuna muuguzi mwingine. Hayupo, sista msimamizi kaenda kuchukua pamba. Mzee naye akatazama kama kuna mwingine. Hayupo. Tukabaki.

"Shikamoo," nikasema.

Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, kimya.

Nikanawa mikono mara mbili. Nikavaa glavu. Nikachukua kadi yake kutoka mkononi mwake, na kabla sijagusa lile taulo nikasimama. Kwa sababu kuna kitu tulifundishwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla ya sindano, kabla ya dawa, kabla ya huo uongozi na biashara, kitu ambacho hata aliyelala darasani anakijua: humgusi mgonjwa kabla hujamuuliza yeye ni nani, hata kama kadi unayo, hata kama unamjua.

"Baba," nikasema, "naomba uniambie jina lako."

Akainua macho. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Nasoro," akasema. Halafu, bila kutabasamu hata kidogo: "Wa Tabora. Sili nazi."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Nikafungua taulo. Jani la tumbaku lilikuwepo, jipya. Nikaloanisha, nikaliondoa taratibu, nikasafisha, naye ameng'ata meno na kushika kingo za kiti, na nikaelewa kwa nini hakuja mapema, mzee mzima anaogopa kusafishwa kidonda kama mtoto.

"Ulijigonga wapi, baba?" nikauliza, maana lazima niandike.

"Mwalimu wenu alituletea karatasi zenu wiki moja kabla. Nikasoma yako. Nikaenda mwenyewe kukitazama hicho chumba chako. Mlango ni mfupi."

Kibano kilinidondoka kwenye sinia, kikalia mpaka nje.

Alikuwa ameshakwenda. Kabla ya kofia, kabla ya mtani wangu, kabla ya nazi kwenye chai, mzee alikuwa ameshasoma karatasi yangu, akainuka dukani kwake, akaenda kuinama kati ya vitanda vibovu aone kama mwanangu anaweza kulala pale, akapasuka kichwa. Ningeanza na jina langu kama Rehema na kukaa chini, ingetosha.

Nikamaliza kufunga kidonda, sikumbuki vipi. Nikamchoma sindano yake. Kisha nikatoa kofia kwenye mkoba, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Akaigeuza huku na huku. "Hii si yangu."

"Ni yako, baba. Niliiloweka klorini."

Aliivaa hivyo hivyo, juu ya bandeji. Akasimama. Mlangoni akageuka. "Marahaba," akasema, na akaondoka.

Bodi ilikaa Ijumaa. Nilipewa barua mbili: ya onyo, ipo kwenye faili langu na itakaa humo, na ya chumba, kwa majaribio ya muhula mmoja, kwa sharti lililoandikwa kwa mkono pembeni kwamba mlango upandishwe kwanza ndipo watoto waingie. Somo nilifaulu kwa kuponea chupuchupu. Madam aliandika chini ya karatasi yangu, "Ana hoja. Asiguse watu." Nyamizi alikuja na bibi yake kwa treni wiki ambayo fundi alimaliza, na siku ya kwanza alinitazama kama mgeni, akanililia, ilichukua siku tatu kunizoea. Kwa hizo siku tatu bado nina hasira, na barua ya onyo hainizuii kusema.

Lakini nimeweka nadhiri, na nimeiandika kwenye kipande cha plasta nikakibandika nyuma ya kitambulisho changu: kabla hujamgusa mtu kichwa, muulize jina. Mzee Nasoro kila akipita kukagua kile chumba huwa anainama mlangoni, ingawa sasa uko juu, na mkono mmoja ameshika kofia yake.